Kusoma Si Kukariri

Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) katika pango la Hira lilikuwa amri ya kusoma. Katika zile aya tano za mwanzo za Suratul Alaq Mwenyezi Mungu alijitaja kuwa ndiye aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na katika sura nyingine aliapa kwa kalamu hiyo hiyo na kwa yale yaandikwayo. Hapana Mwislamu asiyeyajua haya, wala hapana mawaidha ya Maulidi au ya kuhitimisha watoto chuoni yasiyoyataja. Basi leo, ndugu zetu wasomaji, twapenda tuulizane swali moja lisilotajwa sana katika mawaidha hayo, nalo ni hili: je, watoto wetu wanasoma kweli?

Hatuulizi kama wanakwenda shule. Alhamdulillahi, shule zimejaa, na kila asubuhi njia zetu zina watoto waliovaa sare na kubeba mikoba. Twauliza kama mtoto aliyekaa darasani miaka miwili au mitatu, akipewa karatasi ambayo hajapata kuiona, aweza kuisoma na kutueleza yaliyomo. Kisha aweza kushika kalamu akaandika maneno yake mwenyewe, yasiyokuwa ubaoni.

Tuliyoyaona kwa macho yetu

Siku moja tulikaribishwa katika darasa la pili la shule moja, ambayo hatutaitaja kwa jina kwa kuwa hali yake ni hali ya shule nyingi. Mwalimu aliandika ubaoni khabari fupi ya mtu aliyekwenda sokoni na mbuzi wake. Akaisoma mstari kwa mstari akionyesha kwa fimbo, na watoto sabini wakamfuata kwa sauti moja. Kisha akawaacha wasome wenyewe, nao wakasoma toka mwanzo hata mwisho pasipo kosa. Tulifurahi sana, na mwalimu, kwa kuona furaha yetu, akatuambia tumchague mtoto yeyote asome peke yake.

Tulimchagua mtoto mmoja mdogo wa safu ya nyuma. Alisimama, akafunga mikono, akaisoma khabari yote kama maji yatiririkayo mferejini. Lakini tulipomtazama vizuri tuliona kwamba macho yake yalikuwa dirishani. Tukamwita ubaoni, tukamwomba atuonyeshe neno "mbuzi" liko wapi. Akaweka kidole juu ya neno "sokoni". Tukamwandikia pembeni neno fupi kabisa, "mbu", ambalo ni mwanzo wa neno "mbuzi" alilokwisha kulitamka mara nyingi siku ile. Alinyamaza. Wenzake wakacheka, naye akainamisha kichwa, na tukaona machozi yakimdondoka juu ya miguu yake.

Tulijuta kumwita. Mwalimu wake hakumgombeza. Alimrudisha mahali pake kwa upole, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba hakujua. Na angejuaje? Mtoto yule alikuwa na sikio jema na kumbukumbu njema, na kila siku sauti za wenzake zilimficha kama nguo. Hakuwa mvivu wala mjinga. Yeye alifanya kile alichofundishwa kufanya, yaani kurudia alichosikia.

Wala mambo haya si ya darasa moja. Mwaka 2012 ilitangazwa Tanzania kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliokwisha chaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza walionekana hawajui kusoma na kuandika. Watoto hao walikuwa wamepita madarasa saba na kufaulu mtihani. Na tangu miaka hiyo wajumbe wa uchunguzi uitwao Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiasi cha darasa la pili, na mara kwa mara wamekuta watoto wengi wa darasa la tatu na hata wa juu yake wasioweza kuisoma. Serikali hazikukaa kimya: mwaka 2015 Tanzania ilileta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili unaotilia nguvu kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka huo huo Kenya ilianzisha mpango wa Tusome katika madarasa ya chini. Lakini mtaala ni karatasi. Anayeutia roho ni mwalimu darasani na mzazi nyumbani.

Isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa hawajui kusoma, na kufika mwaka 1986 walikuwa wamepungua wakawa kama 10 tu katika 100. Wakulima na wavuvi, na akina mama wenye watoto mgongoni, walikaa chini ya miembe na kusoma vitabu vilivyoandikwa juu ya pamba, uvuvi na migomba yao. Ikiwa babu aliyeshika jembe maisha yake yote aliweza kujifunza, kwa nini mjukuu wake ashindwe?

Mwendo wa waliotutangulia

Katika mwaka wa pili wa Hijra, baada ya vita vya Badri, Waislamu walikuwa na mateka wa Kikureshi mikononi mwao. Waliokuwa na mali walijikomboa kwa mali. Lakini walikuwako wengine wasio na kitu ila wajuao kuandika, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alifanya fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika, na katika riwaya nyingine kila mmoja watoto kumi. Na tuyafikiri mambo haya. Dola ilikuwa changa, tena maskini, na kila dirhamu ilikuwa na kazi; juu ya hayo, fidia ya mtu ililinganishwa na watoto kumi wajuao kuandika. Wala hakutazama kwamba walimu wale walikuwa washirikina waliokuja kumpiga vita. Elimu ya kalamu ilichukuliwa hata mkononi mwa adui.

Imepokewa pia kwamba miongoni mwa vijana waliofundishwa na mateka wale alikuwamo Zaid bin Thabit. Naye ndiye aliyekuja kuwa mwandishi wa wahyi, na ndiye aliyetwikwa na Sayyidna Abubakar mzigo mzito wa kuikusanya Qur'ani pamoja, na tena akawamo katika kazi ya misahafu ya Sayyidna Uthman. Kila mmoja wetu ashikapo Msahafu ana deni kwa mtoto aliyefundishwa kuandika barabara.

Wala haikuwa kazi ya wanaume peke yao. Shifa binti Abdullah, bibi wa Kikureshi aliyejua kuandika tangu kabla ya Uislamu, alimfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika, na Mtume (s.a.w.) alilijua jambo hilo na kuliridhia. Basi yule baba amwambiaye binti yake kwamba elimu ya jikoni yamtosha, na atuambie ameipata wapi hoja yake.

Baada yao wakaja wanavyuoni waliotazama namna mtoto anavyofundishwa. Ibn Khaldun, katika kitabu chake cha Mukaddima alichokiandika mwaka 1377, alieleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyowafundisha watoto. Watu wa Maghribi, asema, waliwafundisha watoto Qur'ani peke yake. Watu wa Andalusi waliichanganya Qur'ani na lugha, mashairi na hati, na watoto wao wakatoka wenye kujua kuandika vizuri na kusema vizuri. Akaeleza kwamba elimu haimwingii mwanafunzi kwa mkupuo mmoja, ila kidogo kidogo, tena kwa kurudiwa hata mara tatu: mara ya kwanza kwa jumla, ya pili kwa kupanua, ya tatu kwa kufungua yaliyofichika. Na akaonya kwamba ukali humharibu mtoto. Humfundisha uwongo na hila, kwa kuwa huonyesha asiyokuwa nayo ili aepuke mkono wa kumpiga. Je, yule mtoto wetu wa safu ya nyuma hakuwa akionyesha asichokuwa nacho?

Njia iliyo nyepesi katika lugha yetu

Mwenyezi Mungu ametujaalia lugha iliyo nyepesi kusomwa. Kiswahili kina irabu tano tu, nazo hazibadiliki sauti popote ziendapo. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, na karibu kila herufi husomwa vile vile kila mahali. Sivyo ilivyo kwa Kiingereza, ambacho herufi zile zile husomwa hivi katika neno hili na vile katika neno lile. Na hata huko, mwaka 1955, mwandishi Rudolf Flesch aliwalaumu walimu wa Marekani kwa kuwafundisha watoto kukisia neno zima kwa sura yake badala ya kusoma sauti za herufi zake. Na mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoundwa kwa agizo la Bunge la nchi hiyo lilithibitisha kwamba kufundisha sauti za herufi kwa utaratibu humsaidia mtoto. Ikiwa njia ya sauti yafaa katika lugha iliyo ngumu, itakuwaje katika yetu?

Mwanzo wa kazi ni sauti. Mtoto afundishwe kwamba herufi ni alama ya sauti, wala asianzishwe na majina ya herufi. Mtoto aliyezoezwa kuiita herufi ya kwanza ya neno "mama" kwa jina la "em", akiambiwa aiunganishe na "a", kwa haki yake atasema "ema". Na mwalimu akimpiga kwa hilo atakuwa amempiga kwa kusema kweli. Na atajifunza majina ya herufi baadaye, wala hayatamshinda.

Zitangulie irabu: a, e, i, o, u. Kisha zifuate konsonanti chache zitumikazo sana, moja moja, na kila moja izungushwe na irabu zote tano: ma, me, mi, mo, mu. Wala mwalimu asingoje mpaka amalize herufi zote ndipo awape watoto maneno. Mtoto mwenye irabu tano na herufi tatu tu, yaani m, t na k, amekwisha kuwa tajiri: aweza kusoma mama, kaka, kuku, moto, kiti, tatu, kumi na mate. Akionyeshwa kwamba m yaweza kusimama peke yake kama silabi, atasoma mtu, mti na mkate, na mara moja sentensi nzima iko mbele yake: "Mtoto ataka mkate mtamu." Siku mtoto asomapo sentensi ile kwa macho yake mwenyewe, pasipo kutanguliwa na mtu, ndipo aionapo ladha ya kusoma, na tangu siku ile atasoma kila kibao cha duka apitapo njiani.

Baada ya hapo yaje yale yenye taabu, kila moja kwa siku yake: ch na sh, ny, mb na nd, na tofauti ya ng' katika "ng'ombe" na ng katika "ngoma". Walimu wa bara wawe na subira na watoto wachanganyao r na l, kwa kuwa ulimi umezoea lugha ya nyumbani. Mtoto asikilizishwe kwanza tofauti ya "kura" na "kula" mpaka sikio lake liikamate, ndipo aandike.

Na silabi si mwisho wa kusoma. Mtoto akikokota sana silabi, afikapo mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake, na maana imempita. Ndiyo sababu yafaa hadithi fupi ile ile isomwe mara tatu au nne kwa siku mbalimbali, hata macho yazoee na akili ipate nafasi ya kufahamu. Hapa ndipo maneno ya Ibn Khaldun juu ya kurudia yanapopatana na yale waliyoyaona walimu wa leo. Na kila baada ya kusoma pawe na swali: Nani alikwenda sokoni? Kwa nini alimuuza mbuzi? Wewe ungefanyaje? Mtoto asiyeulizwa maana hudhani kwamba kusoma ni kutoa sauti tu.

Chuo na shule

Watoto wetu wengi wana walimu wawili: asubuhi wa shule na alasiri wa chuo. Twasikitika kwamba walimu hawa mara nyingi hawajuani, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa mwizi wa wakati wake. Kumbe wanajenga nyumba moja.

Mwalimu wa chuo wa zamani hakuwa mjinga wa kufundisha. Alianza na alifu, akaja bee na tee, kisha akatia irabu juu na chini ya herufi, na mtoto akahijai: bee fat-ha ba, bee kasra bi, bee dhamma bu. Hii ndiyo ile ile njia ya silabi. Mtoto aliyehijai vizuri katika Juzuu ya Amma amekwisha kuifahamu siri ya kusoma, na mwalimu wa shule akiijua siri hiyo ataitumia. Zaidi ya hayo, sauti ambazo watoto wengine hupata taabu nazo katika Kiswahili, mtoto wa chuo anazo ulimini: th ya "thamani" ni thee yake, gh ya "ghali" ni ghaini yake, na dh ya "dhahabu" ni dhali yake. Na aelezwe tu kwamba Kiswahili kimezikusanya dhali, dhaa na dhadi katika alama moja ya dh, kama tuonavyo katika dhahabu, dhuluma na Ramadhani.

Taabu ndogo iko katika mwendo wa mkono, kwa kuwa Kiarabu huandikwa kutoka kulia na Kiswahili cha shule kutoka kushoto. Mwanzoni mtoto huenda akaanzia mwisho wa mstari, au akaigeuza b ikawa d. Kosa la namna hii huwapata wadogo wengi, hata wasiosoma chuo, nalo huondoka kwa mazoezi. Atiwe nukta ndogo mahali pa kuanzia, wala asipigwe.

Lakini chuoni nako ugonjwa wetu uko. Wako watoto wanaosoma sura nyingi kwa kusikia, na wakifunguliwa ukurasa mwingine wa Msahafu hawajui pa kushika. Tusifahamiwe vibaya: kuhifadhi Qur'ani ni ibada na ni heshima kubwa, na Mwenyezi Mungu amekihifadhi Kitabu chake katika vifua vya watu. Twasema tu kwamba hifdhi ina mahali pake na kusoma kuna mahali pake, wala moja halitoshi kwa jingine. Mwalimu na amsikilize mtoto siku moja katika aya aliyoihifadhi, na siku nyingine katika aya ambayo hajapata kuisikia. Hapo atajua ni nani asomaye na ni nani akumbukaye.

Kuandika

Kusoma na kuandika ni mabawa mawili ya ndege mmoja. Mtoto aandikaye silabi aliyoisoma leo, kesho haisahau. Zamani chuoni mtoto alikuwa na ubao wake, kalamu ya utete na wino. Aliandika somo lake, akalisoma, akauosha ubao, akaandika jingine. Leo tuna daftari na penseli, lakini mara nyingi tumepoteza lile zoezi lenyewe.

Mtoto akae wima, karatasi ilale mbele yake kwa mshazari kidogo, penseli ishikwe kwa vidole vitatu wala isibanwe kwa ngumi. Mwandishi wa mkono wa kushoto asilazimishwe kwa kipigo. Aelekezewe karatasi upande wa pili. Kabla ya daftari aandike mchangani kwa kidole na hewani kwa mkono mzima. Herufi zifundishwe kwa udugu wake: o, c, a, d na g huanza kwa mzunguko mmoja, i, l, t na u hushuka chini kwa msitari, n, m, h na b hushuka kisha hupanda. Anayejua mwendo wa mmoja amejua mwendo wa ndugu zake.

Kisha ije imla. Maneno matano kila siku yatosha, yakitoka katika silabi zilizosomwa. Imla humfichua aliyejificha nyuma ya sauti za wenzake, kwa kuwa kila mtoto hukaa na karatasi yake. Lakini kunakili ubaoni si kuandika; twajua watoto wenye hati nzuri kama ya karani, wasiojua walichokiandika. Basi mapema iwezekanavyo mtoto aandike la kwake: jana alikula nini, nani ni rafiki yake, bibi yake mgonjwa angependa kuambiwa nini. Na mwalimu asiujaze ukurasa wa mtoto wino mwekundu. Achague kosa moja au mawili, ayasahihishe, na alisifu lile lililo jema, ili kesho mtoto aje na ukurasa mwingine.

Mwalimu mmoja na watoto wengi

Twasikia walimu wakisema: haya yote ni mazuri, lakini tuna watoto sabini, wengine mia. Ni kweli, na anayewalaumu bila kuingia darasani mwao hawatendei haki. Hata hivyo yako mambo yasiyohitaji fedha. Kusoma kwa pamoja kusiwe ndiyo somo zima. Baada yake isome safu moja, kisha watoto wawili wawili wakisomeana huku mwalimu akipita kati yao. Kila siku mwalimu awasikilize watoto watano au sita mmoja mmoja, kwa maneno machache yasiyokuwa ubaoni, na kuandika jina la kila mmoja na alipofika. Kwa njia hii, kila baada ya wiki tatu hivi, amewajua watoto wake wote.

Huko India shirika liitwalo Pratham limewapanga watoto kwa muda wa siku kufuata kile wanachokijua, wala si kufuata darasa walilomo: wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, wa hadithi pamoja, na watoto waliokuwa wameachwa nyuma wakainuka. Mtoto wa darasa la nne asiyejua silabi hafaidiki na kitabu cha darasa la nne. Huzama tu kila siku zaidi. Kumrudisha silabini si kumwaibisha. Kumwacha hapo alipo ndiko kumwaibisha.

Na kabla ya kumwita mtoto mzito, atazamwe macho na masikio. Wako waliohesabiwa wajinga, kumbe hawauoni ubao.

Wajibu wa nyumbani

Ewe mzazi, usiseme kwamba umekwisha lipa kwa kununua sare na daftari. Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Dakika kumi baada ya sala ya Magharibi, kitabu kikiwa kimefunguliwa na simu zimewekwa kando, zafaa kuliko maneno mengi. Mama asiyejua kusoma naye ana kazi: amwambie mtoto amsomee, kisha amuulize khabari yake. Ahadithie hekaya na kutega vitendawili, kwa kuwa mtoto mwenye maneno mengi ulimini huyatambua upesi ayaonapo kitabuni. Mfuko wa unga, kopo la chai na kibao cha dukani, vyote ni vitabu kwa mtoto anayeanza. Na baba awezaye kutoa fedha nyingi kwa sherehe ya siku moja, asishindwe na kitabu kimoja cha hadithi kitakachosomwa na watoto wote wa nyumba.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya kupata kazi tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile iliyo katika Suratul Bakara inayotuamrisha kuandika deni linapokopeshwa kwa muda. Mwenyezi Mungu ametaka haki za watu zilindwe kwa kalamu. Basi asiyejua kusoma atatia kidole gumba katika hati ya shamba la baba yake pasipo kujua kama analiweka rehani au analiuza. Mjane atasomewa mirathi na yule yule anayetaka kumdhulumu. Mama atampa mtoto dawa kwa kukisia. Dhuluma nyingi katika miji yetu hupita katika mlango huu, na sisi ndio tuliouacha wazi siku mtoto alipokuwa darasa la pili.

Tulirudi katika shule ile baada ya miezi kadhaa. Mwalimu alikuwa amewatenga watoto tisa, akikaa nao kitambo kidogo kila siku kabla ya kwenda nyumbani, akianza nao tena kwenye a, e, i, o, u. Tulimwona rafiki yetu. Safari hii hatukumwita mbele ya watu, tulikaa naye chini ya mti, tukamwandikia sentensi ambayo hajapata kuiona: "Mbuzi yumo zizini." Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Akakaza macho. "Mbu... zi. Mbuzi." Akapumua, akaendelea. Alikokota, alikosea, akarudi nyuma, akasahihisha. Mtu apitaye angedhani kwamba siku ile ya kwanza alisoma vizuri zaidi. Lakini siku ile alikumbuka, na siku hii alisoma, na alipofika mwisho aliinua macho yake, akatuuliza, "Nani amemfungia?"

Kwa swali lile tukajua kwamba amefika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu na subira walimu wetu wa shule na wa chuo, atuamshe sisi wazazi katika amana zetu, na awajaalie watoto wetu kuwa katika wale waisomao amri yake ya kwanza na kuifahamu. Amin.